Justa Maige, Aliyewatembeza Wageni katika Majumba ya Kaisari

Baba Padri, wazee wa ukoo, shemeji yetu Maduhu na watoto, majirani wa Ngokolo, Wakristo na Waislamu, na ninyi mliopanda lori la pamba kutoka Geita mkafika hapa na vumbi la njia nzima, ukoo umenituma mimi, Masele Maige, niliyeachiana ziwa na marehemu, niwasomee maisha yake, nami naomba mnivumilie pale sauti itakaponishinda.

Marehemu Justa Maige alizaliwa mwaka 1905 hapa hapa Ngokolo, wakati huo pakiwa mbuga ya kulishia ng'ombe, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Maige na mama yetu, Mayu Mageni, ambaye mnamwona ameketi pale kwenye mkeka, na mwaka 1915, vita vilipowachukua vijana kuwa wapagazi na chakula kikapotea, baba alituhamisha sote kwenda Ushirombo, karibu na misheni, ambako marehemu alisoma kwa masista, akabatizwa Pasaka ya mwaka 1918, akajifunza kusoma, kushona na kuhesabu, ingawa sista aliyemfundisha alilalamika kwamba mtoto huyu kila akipewa swali moja hurudisha matatu.

Tuliporudi Shinyanga mwaka 1923 marehemu aliposwa na Maduhu, kijana wa hapa ambaye baadaye alipata kazi ya kutandaza reli, lakini kabla ya ndoa alipata kazi ya yaya huko Geita, kwa Bwana Raimund, mpimaji wa miamba kutoka Austria aliyekuwa akitafuta dhahabu vilimani, na mkewe Bibi Hedwiga, na mtoto wao Lena, ambaye alijifunza kusema Kisukuma kabla ya lugha ya baba yake, na akawa hapati usingizi mpaka awe mgongoni kwa Justa. Dhahabu haikuonekana kwa wingi waliotarajia, na mwaka 1928 Bwana Raimund alipoamua kurudi kwao aliomba marehemu aende nao kwa miaka miwili, mpaka mtoto azoee, ndipo baba yetu akakataa, akasema binti aliyeposwa havuki bahari, na ni Maduhu mwenyewe aliyemwendea baba na kumwambia kwamba anamjua Justa, akizuiwa atakaa nyumbani lakini roho yake itakuwa imekwisha ondoka, na kwamba yeye yuko tayari kungoja.

Walisafiri kwa treni mpaka Dar es Salaam, kisha kwa meli mpaka bandari ya Trieste huko Ulaya, na kufikia Novemba marehemu alikuwa Viena, mji wa makaisari, ambako kaisari mwenyewe alikuwa hayupo tena, kwani baada ya vita utawala wake uliondolewa na majumba yake yakafunguliwa ili watu wote wayaone. Miaka miwili haikuisha vizuri, maana Bwana Raimund alifariki kwa ugonjwa wa moyo mapema mwaka 1930, mali ikayeyuka, na wanawake wawili na mtoto mmoja wakabaki katika vyumba viwili vya baridi, bila nauli ya kumrudisha marehemu kwao.

Bibi Hedwiga, ambaye tangu utoto aliyajua yale majumba, alianza kazi ya kuwatembeza wageni binafsi, familia moja moja au watu watatu wanne, katika jumba la mjini liitwalo Hofburg na lile la bustanini liitwalo Shenbrun, naye marehemu alikwenda pamoja nao akibeba makoti na miavuli. Mwanzoni hakusema neno, alisikiliza tu, na alipoturudia alikuwa akitusimulia hayo kwa furaha kuliko jambo lolote, ukumbi wa vioo unaokufanya ujione mia kwa mara moja, chumba kilichofunikwa mbao za thamani kuta nzima, na kitanda cha chuma chembamba cha kaisari mzee, ambacho Mayu alipokisikia alisema basi hata huyo alihitaji mtu wa kumfunika blanketi.

Mwaka 1931 wageni walipungua, na hapo mwenye hoteli moja alikuja na shauri lake, kwamba atawaletea wageni wote wa hotelini kwake, mradi marehemu avalishwe kilemba chenye manyoya na bangili za shaba, asimame langoni na upepeo mkononi, kama watumwa weusi waliochorwa katika picha za zamani za majumba yale. Nyumbani kulikuwa na njaa, ndugu zangu, walikuwa wakila viazi asubuhi na jioni, na Bibi Hedwiga, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimshika marehemu mikono akamwambia, "Justa, ni kilemba tu."

Marehemu akamjibu, "Bibi, kilemba si kizito. Kizito ni kusimama nimenyamaza."

Bibi Hedwiga hakuongea naye kutwa nzima, na marehemu alifungasha nguo zake chache akidhani amefukuzwa, lakini kesho yake yule mama alivaa kofia, akaenda hotelini, akamwambia mwenye hoteli kwamba haiwezekani, na aliporudi alimwuliza marehemu kama hataki kusimama amenyamaza basi anataka kusema nini. Marehemu, ambaye miaka yote ile alikuwa akitazama majumba kwa macho ya mtu anayejua kazi ya kuchota maji na kuwasha moto, alimwambia, "Wewe waonyeshe vyumba vya mbele, mimi niwaonyeshe vya nyuma."

Ndivyo dada yetu alivyokuwa mtembezaji, kwa ruhusa ya msimamizi wa jumba, akiwapeleka wageni katika ujia mwembamba uliopita nyuma ya kuta za Shenbrun, kwa sababu yale majiko marefu meupe ya kupashia vyumba joto hayakuwa na mlango upande wa kaisari, kuni zilitiwa kwa nyuma, ili mchochea moto asionekane wala zulia lisichafuke, na akiwafikisha pale aliwaomba wakae kimya kidogo, wafikirie waliopita na mizigo ya kuni vichwani na mabegani, kisha akawaeleza kwa Kijerumani chake, chenye lafudhi ya Ushirombo, saa ngapi waliamka na walikula nini. Wapo waliocheka lafudhi, wapo waliouliza kwa nini mtu wa mbali awaonyeshe nyumba ya kaisari wao, lakini wengi walirudi na jamaa zao, na siku moja alikuja mzee mwoka mikate, mjane, aliyeishi karibu na jumba lile maisha yake yote bila kuthubutu kuingia, naye alipofika katika ule ujia aliweka kiganja ukutani akashindwa kuendelea.

"Mama yangu alipita hapa," akasema. "Alibeba kuni miaka kumi na minane, na sikuwahi kujua ni wapi."

Marehemu alimshika mkono wakakaa chini wote wawili, wageni wengine wakangoja, na tangu hapo yule mzee aliwaletea mikate kila Jumamosi, na mwaka 1934, Lena akiwa binti mkubwa na Bibi Hedwiga akiwa na wageni wa kumtosha, ni mwoka mikate huyo aliyewazungukia wageni wa zamani wakachanga nauli ya kumrudisha Justa kwa mama yake, ingawa Lena alilia na kumwita mayu mbele ya watu wote stesheni.

Huku nyumbani, ndugu waombolezaji, habari zilikwisha kuvuma kwamba amefariki, na wazee walimshauri Maduhu achukue mdogo wetu Melania badala yake, jambo ambalo Melania mwenyewe hakulipinga, lakini Maduhu alisema ng'ombe walikwenda kwa ajili ya Justa, kama amekufa atamlilia Justa, kama yu hai atamngoja Justa. Treni ilipoingia Shinyanga mwezi Agosti mwaka ule, Maduhu alikuwa kwenye reli na nyundo mkononi, akasema, "Umekonda," naye marehemu akasema, "Na wewe umezeeka, twende nyumbani." Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1934, wakajaliwa watoto wawili, Paskalina aliyezaliwa mwaka 1935 na Maige aliyezaliwa mwaka 1937.

Maduhu alipopata kazi kwenye mgodi huko Geita marehemu alifungua kibanda cha chai na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, ambako wachimbaji walikuwa wakitoka shimoni na kumwomba awapitishe katika jumba la kaisari, chumba kimoja kwa kikombe kimoja, mpaka wengine wakawa wanagombana kuhusu ngazi iko upande gani, na watu waliokuja hapa leo kutoka Geita ni hao.

Kifua kilichoanza kumsumbua katika baridi ya Viena kilimrudia mwaka jana, akalazwa hospitali ya misheni, akapata nafuu, akarudishwa hapa Ngokolo mwezi Juni, na mwezi Agosti hakuweza tena kuvuka kizingiti. Majirani walikuja kukaa naye, wakitaka kama kawaida awasimulie majumba, naye akawaambia pumzi hana, "Leo nitembezeni ninyi," basi kila mmoja kwa zamu akamtembeza nyumbani kwake kwa maneno, ndama aliyezaliwa, paa lililoezekwa upya, mkwe aliyefika bila taarifa, naye akiuliza maswali yake matatu kwa kila jambo moja.

Jumapili tarehe 11 Septemba 1938, baada ya misa, ilikuwa zamu ya Mwanaidi, mke wa Akida mwenye duka, naye alikuwa akimpeleka kwake haraka haraka, amtoe barazani amfikishe uani kwenye kuku wake, marehemu akamgusa mkono akasema, "Polepole, Mwanaidi, bado nipo mlangoni." Mwanaidi akanyamaza, akamngoja, na alipoanza tena kusema dada yetu alikuwa ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi wa misheni waliomhudumia bila kuchoka, Baba Padri aliyempa sakramenti, wafanyakazi wa reli walioleta mbao za jeneza, wachimbaji wa Geita, Akida aliyetoa sanda ijapokuwa dini yetu si moja, na zaidi ya wote akina mama wa Ngokolo, mliomfungulia nyumba zenu mtu asiyeweza kutoka kitandani. Bibi Hedwiga na Lena tumewapelekea habari, nao watalia kwa lugha yao.

Dada Justa, umetembeza watu vya kutosha, sasa keti, na amani ya Mungu ikae nawe.