Mshenga Aliyeishia Kijiweni

Wewe, mwanao wa miaka arobaini akitaka kuhama kwako, utavitupa viatu vyake vyote chooni? Mama mmoja alifanya hivyo kwenye filamu niliyowaonyesha wenzangu wa kijiwe cha kahawa, hapa Tabora. Filamu ya kuchekesha kwa uchungu, iliyotengenezwa na vijana wasiojulikana hata mtaani kwao. Ilipoisha, ubishi ukaanza. Alikuwepo Xavery, fundi baiskeli, aliyejipa mwenyewe cheo cha Profesa. Ngassa wa tumbaku, yaani Redio. Na muuza asali, Mzee Adinani, tunayemwita Kufuli kwa sababu geti lake hufungwa kabla ya magharibi.

— Mama hana kosa, akasema Profesa. Chooni kuna jini linamtaka yule kijana. Viatu ni mahari.

— Jini livae namba arobaini na tatu? akadakia Redio. Yule mama katumwa na serikali! Vijana wakijifungia kwa mama zao, nani atadai ajira?

— Anaogopa kubaki peke yake, nikasema. Basi.

— Da Anifa, hujazaa wewe, akanikata Mzee Kufuli. Unalea mtoto, anakuja mtu na suruali yake iliyopigwa pasi, anambeba. Viatu tu? Huyo mama mpole sana.

Hapo akafika Najiat, binti yake wa pekee. Ni nesi, ana miaka thelathini na minne, na bado huaga akienda dukani.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Hakukaa.

— Jumamosi mshenga wa kina Masolwa alitoka Nzega kuleta posa. Najua alipita hapa kwanza kuulizia habari za kwetu, kama wanavyofanya wote. Nyumbani hakufika. Leo nampigia Masolwa, mchumba wangu, kusikia sauti yangu tu kapiga ukunga, kakata simu. Jamani, mshenga aliambiwa nini?

Profesa akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mimi nilikuwa nasali, akasema Redio, ambaye hasali. Nilimwacha na mzee.

— Baba?

Mzee Kufuli alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Hakuniuliza mimi ni nani. Aliuliza tu binti wa Adinani yukoje.

— Ukasemaje?

— Nikamwambia tumekuzika Ijumaa. Akanipa pole, akaomba dua, akalia kabisa. Kijana wa watu.