Bwana Inamisha na Dola Iliyooga

Ndugu, jirani na marafiki mliokuja kutufuta machozi, familia inawasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Inamisha, na kama kuna aliyekuja kusikia habari ya ile sarafu, atulie kwenye kiti chake, tutafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume wa kwanza, jambo lililomfanya mama atembee kifua mbele mwaka mzima. Alisoma shule ya msingi ya karibu na reli kuanzia mwaka 1956, akamaliza darasa la nane mwaka 1963, hesabu zikimpita kushoto lakini kwa kuchora hakuna aliyemfikia, na mwaka 1965 akaajiriwa kwenye studio ya picha iliyo mkabala na posta, alikofanya kazi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Huko ndiko alikolipata jina lake, kwa kuwa kila aliyekalia kigoda cha kupigiwa picha, awe bwana harusi au mtu wa picha ya pasipoti, aliambiwa "inamisha kichwa kidogo," mpaka ikasemwa kwamba hata twiga angeambiwa hivyo.

Tarehe 9 Agosti 1973 alimwoa wifi yetu, mshonaji wa mapazia, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja, na sasa wajukuu wa kutosha kuvunja vyombo vyote vya nyumba.

Kuhusu sarafu, kwa kuwa mengi yamesemwa na wasiojua, ukweli ni huu. Mwaka 1979 fundi saa, jirani wa studio, alikuta chini ya droo dola kubwa ya fedha ya zamani, iliyolala miaka mingi ndani ya bahasha ya karatasi, akataka kuiyeyusha atengeneze pete, marehemu akaiomba, akaigeuza dirishani, akaona ukingoni bluu, kisha zambarau, katikati rangi ya asali, kama mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi, na tangu hapo akawa si mtu tena. Akaanza kutafuta nyingine za namna hiyo, ambazo fedha zake zimejivika rangi zenyewe, polepole, kwa hewa na karatasi, bila mkono wa mtu, na wale wanaozifungia na mayai ya kuchemsha ili zipate rangi haraka aliwaita wapishi, na mpishi hakukaribishwa kwake hata kwa maji ya kunywa.

Kuzipiga picha ndiyo ilikuwa kazi, kwani ukiimulika sarafu hiyo uso kwa uso inatoka nyeusi kama kitako cha sufuria, ukiilaza kidogo inawaka yote, basi kila Jumapili asubuhi wifi alisimama kando ya dirisha ameshika shuka jeupe ili mwanga uingie laini, mikono ikimuuma, akisema, "Wenzangu wana wake wenza wenye miguu, mimi wangu ni bati."

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Januari mwaka huu, na tarehe 11 Februari akalazwa. Wifi, akitaka mume akirudi akute nyumba inang'aa, alifua mapazia, akasugua masufuria, na mkono ulipopata moto akaichukua ile dola ya kwanza, kipenzi cha mzee, akaisugua kwa majivu na ndimu, akidhani rangi zake zitang'aa zaidi, ikatoka nyeupe kama kijiko kipya, akampelekea fundi saa aione, na fundi saa akajikuta amekaa sakafuni. Hapo ndipo wifi alipoelewa kwamba rangi iliyoizidi ndoa yake kwa umri imekwenda na maji ya karai. Chakula kikamshinda, kwa kuwa daktari alikuwa ameonya mgonjwa asishtuliwe, naye aliogopa kuwa ndiye atakayemuua mumewe, na mtaani, ambako mdomo haulipiwi kodi, ikavuma kwamba ameiuza, tena waliovumisha wako hapa, wametulia kama maji ya mtungi.

Tarehe 2 Machi marehemu alirudi nyumbani, na kabla hata ya chai akaitaka sarafu yake. Wifi akaiweka kiganjani mwake, akapiga magoti. Mzee akaitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akacheka mpaka binti yake akakimbilia dawa, akasema, "Mama watoto, umemwogesha mtoto mpaka umemchuna ngozi!" Akaongeza, "Irudishe kwenye bahasha, itajivika tena, mimi sitakuwepo, wewe hutakuwepo, yenyewe haina haraka." Akaomba kamera, shuka jeupe akalikataa, akamtaka wifi asogee alivyo, na kitenge chake cha zambarau na manjano, na ile fedha iliyosuguliwa ikakivuta chote kama kioo, ikatoka pichani na rangi ambayo haikuwahi kuwa nayo. "Leo na mimi nimekuwa mpishi," akasema, na hiyo ndiyo picha yake ya mwisho.

Alifariki tarehe 19 Machi, saa mbili asubuhi, kitandani kwake, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe, bila kinyongo wala jambo la kufichwa, na wifi yetu, pamoja na machozi yake, sasa anakula na analala, nasi tunalia tukiwa wepesi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomrudisha nyumbani akapata siku zile, wafanyakazi wenzake wa studio, majirani walioleta viti na hata walioleta maneno, na fundi saa, aliyejua yote akafunga mdomo, jambo zito kwa mtu wa rika lake. Kaka yetu, hukumwachia mtu mzigo, pumzika kwa amani, na wepesi huo uende nao.