Nani Atamnunulia Dada Koleti

Funga mlango huo, mwanangu, kisha usikae karibu nao kama mgeni anayetafuta nafasi ya kuaga. Njoo huku upande wa kichwa, na wewe binti yangu kitindamimba baki hapo hapo miguuni. Msitazamane kama hamtaki, lakini nisikilizeni wote wawili kwa pamoja, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kusema jambo mara mbili. Daktari aliongea nanyi hapo nje akidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Basi tusidanganyane.

Nyumba ni yenu nyote, asimtoe mtu mwenzake. Kitanda hiki na kabati la vyombo mpeni mama mdogo wenu, na huyo nitamrudia. Sidaiwi na mtu, ila kazi moja: kile kipini cha cherehani ya fundi wa jirani, kiko juu ya benchi kimekerezwa nusu, na mwenyewe hajashona kitu tangu nilipoanguka. Kimalizeni, nisiende na ahadi ya mtu mgongoni. Hayo ni mepesi. Linalonikosesha usingizi ni mashine.

Juzi, mwanangu, ulimleta yule mnunuzi wa vyuma chakavu. Kuta zetu ni nyembamba, nilisikia. Nilimsikia akisema mashine haipiti mlangoni, labda ikatwe vipande, nawe ukamjibu, "Ikate tu. Sitaki kuiona tena." Nikajifunika shuka usoni. Mashine ile ya kukereza vyuma baba yenu aliiweka kwanza, ndipo akajenga chumba kuizunguka, na watu wakamcheka kwamba kaoa mke wa pili wa chuma. Alipokufa nikapanda juu ya kibao, maana urefu wake sikuwa nao, nikajifunza kwa kuharibu, nikakereza vipini vya cherehani na vyuma vya pampu mpaka mafundi wa mtaa wote wakaacha kuniita mjane wakaanza kuniita fundi. Mlipoacha ziwa langu, mashine ile ndiyo iliyowanyonyesha.

Najua kwa nini unataka ikatwe. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini acha niiseme siku ile, kwa sababu katika nyumba hii haijawahi kusemwa. Tumeizunguka kama watu wanaozunguka shimo lililo katikati ya sebule, kila mmoja akijifanya ni njia yake ya kawaida.

Koleti zetu zilikuwa zimechoka. Koleti ndiyo kiganja cha mashine, mnajua: kile kikombe kidogo cha chuma chenye mipasuo kinachoibana fimbo ya chuma inayokerezwa ikizunguka. Kikichoka, kazi inacheza. Wewe ulikuwa umepata mshahara wako wa kwanza, na hukuununulia mwili wako hata shati. Uliingia na boksi, umelificha mgongoni, ukamwambia dada yako akisie. Koleti mpya, seti nzima, zinang'aa kama vijiko vya harusi. Alikurukia shingoni. Nakumbuka mlivyocheka. Hatukumaliza nazo kazi hata moja. Dada yako alikuwa amevua miwani ya kinga afute jasho, mashine inazunguka, na jino moja la koleti likakatika kama biskuti, fimbo ikaruka, na jicho lake la kushoto likaenda. Ni wewe uliyembeba mpaka barabarani. Ni wewe uliyelala sakafuni hospitalini.

Tangu siku hiyo hujatia mguu karakana. Chakula unakwenda kulia kizingitini. Na wewe, binti yangu, tangu hapo kaka yako hana jina kinywani mwako. "Yule amerudi? Yule amekula?" Unadhani sisikii? Kila ukisema "yule" ninakufa kidogo, wala daktari hana dawa yake.

Sasa mama mdogo wenu. Alisema hapo sebuleni, mbele za watu, kwamba kaka mtu alijua anachokileta, kwamba alitaka arithi peke yake. Nilimtoa nje siku hiyo na sikumsemesha mwaka mzima. Kitanda mpeni, ni ndugu yangu. Neno lake msilirithi. Binti yangu, nitazame. Je, umelirithi? ... Usinijibu mimi.

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Huyo mnunuzi wa vyuma ameshalichukua jembe, wanangu. Anangoja nizikwe tu.

Basi huu ndio wosia wangu. Mashine ni ya dada yako. Ana jicho moja, lakini vidole vyake vinaona. Ukiwa kazini hujui, mwanangu, ila mchana nyumba ikiwa kimya anaiwasha, nami nalala nikimsikiliza, na haijawahi kulia vibaya mikononi mwake. Mashine ni yake. Lakini koleti hatanunua yeye. Koleti utamnunulia wewe.

Kaa chini. Nimesema kaa. Nikikuachia wewe mashine utaiua. Nikimwachia yeye kila kitu atakereza humo ndani mpaka mvi zimwote, nawe utakula kizingitini mpaka mvi zikuote, na mtazikwa kama wapangaji. Sina njia nyingine. Nimetafuta usiku na mchana, sina.

Nitakufundisha nisichopata kukufundisha. Wanasema mchagua jembe si mkulima. Waliosema hivyo hawakusimama mbele ya chuma kinachozunguka. Wewe chagua, uchague mpaka muuzaji akuchukie. Usitazame kung'aa, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usinunue seti ya boksi zima, nunua chache, zile za ukubwa anaoutumia kila siku, lakini za mtengenezaji anayethubutu kugonga jina lake juu ya chuma. Tazama mipasuo: iwe sawa kwa sawa, isiwe na makapi ya kukwaruza ukucha. Pitisha tupa pembeni: ikiteleza, chuma kimeiva, ikila, koleti irudishe mezani uondoke. Ndani pawe laini. Ibane kwa vidole... subiri. Maji. ... Ahsante.

Ukiibana, ikiachiwa irudi yenyewe. Ile isiyorudi imekwisha kufa. Ukifika nyumbani, mdomo wa mashine, pale koleti inapokaa, ufutwe, hata chembe moja isibaki, kisha weka fimbo iliyonyooka na ile saa ya kupimia kama fimbo inayumba, uzungushe kwa mkono, taratibu. Mshale usicheze. Ukicheza, hata kama roho inakwambia ni kidogo tu... si kidogo. Na kila koleti na fimbo yake, msilazimishe nene wala nyembamba. Hiyo nayo... inavunja.

Mbona unatikisa kichwa? Mwanangu, sikuombi uipende mashine. Nakuomba umchagulie dada yako kitu cha kumshikia maisha. Semeni, sina muda wa...

Umesema nini? Sema tena, sauti yako iko chini.

"Mama, na nikikosea tena?"

Hilo. Ndilo lililokukaa kooni miaka yote hii. Siwezi kulijibu mimi, mwenye jicho yupo hapo. Binti yangu. Binti yangu, nakusihi, mjibu kaka yako kabla mimi sija... Nakusihi.

Alivyosema nimemsikia. Hata wewe umemsikia, mbona unalia? Kasema, "Ikicheza nitakurudishia, nawe utakwenda tena." Basi. Atakurudishia. Utakwenda tena.

Mwambieni mnunuzi wa vyuma asije. Mwambie wewe, mwanangu, leo. Mnizike upande wa baba yenu, pasiwe na hotuba. Mungu azishike kazi za mikono yenu. Awape... awape chuma chema, na maneno mema, na mkichoka awape kuchoka pamoja. Nimewaridhia. Wewe nimekuridhia. Na wewe.

Msitoke. Mmoja asitoke akamwacha mwenzake humu. Ongeeni, nisikie. Chochote... hata mkigombana. Ongeeni tu, wanangu... msinyamaze...