Kilo Mia Moja na Tatu

Mpendwa wetu, aliyekuwa mume, baba na shemeji wa wengi mlioketi hapa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa dereva wa treni, akaanza shule ya msingi jirani na hapo mwaka 1959, akahitimu sekondari ya ufundi mwaka 1970, na tarehe 2 Januari 1972 akaajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne bila kupokea hata soda ya muuza nyama, yaani hata moja, siriazi, jambo ambalo baadhi ya ndugu waliliita ushamba, nao leo ndio waliowahi viti vya mbele.

Tarehe 20 Agosti 1977 alimwoa mwalimu wa chekechea, mama huyu mnayemwona, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1985, alipoalikwa ng'ambo kuhakiki mizani ya mashindano ya uvuvi, alishikishwa ndoano kwa utani, ikamnasa yeye kabla ya samaki, ikawa kila likizo yuko safarini, mara nyati kwa bunduki ya kukodi, mara mito ya watu, mpaka mama akawaambia majirani kwamba ana mke mwenza anayeishi majini.

Huko ugenini hakuwa na mawe ya mizani, hivyo kabla ya kupima samaki alidandia ndoano ya mizani yake kwa mikono miwili, miguu juu, mwenyeji akamsomea uzito wake mwenyewe, ambao alikuwa ameupima nyumbani kabla ya safari, ili ajue chombo hakidanganyi, kisha akaandika namba zote mbili kwenye daftari.

Tarehe 9 Juni 1996, katika ziwa lisilotoa mto wowote, alivua kambare wa kilo tisa, akamfunga pezini kibati namba 17 chenye muhuri wa mkono wake, akamwachia. Tarehe 3 Mei 2004, katika mto wa nchi nyingine, ng'ambo ya bahari nyingine, alivua kambare mwenye kibati hichohicho, kilo ishirini na saba, na mwaka 2015, nchi ya tatu, akamvua tena, kilo arobaini na tano, na kila mara samaki yule hakupigana, alikuja kama aliyeitwa.

Miaka hiyo yote marehemu alikuwa akikonda, eksirei, damu, skani, vyote negativu, mashemeji wakitania kwamba mama anamnyima chakula, hadi jioni moja mama alipofungua daftari akajumlisha, tisini na nne na tisa, sabini na sita na ishirini na saba, hamsini na nane na arobaini na tano, akapata jibu moja mara tatu, akarudia kwa vidole, kama anavyowafundisha watoto.

Ndiyo maana Oktoba 2022 alifuatana naye, rungu likiwa ndani ya sanduku, akiapa kwamba safari hii samaki hatoki hai, na mumewe atarudi na nyama yake mwilini. Samaki alikuja siku ya pili, kilo sitini na mbili, akatulia kwenye majani miguuni pa mama akimtazama, na mama alipoinua rungu marehemu alimshika mkono, akamwambia polepole, mama watoto, zaidi ya nusu yangu imo mle, ukimpiga huyo utarudi nyumbani na nani. Mama aliweka rungu chini, wakamsukuma majini kwa mikono minne.

Marehemu alilazwa tarehe 11 Februari 2024, akafariki tarehe 6 Machi, saa kumi alasiri, siku nane kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu, akiwa na kilo ishirini na nane kwa mizani ya wodi, ambayo aliihakiki mwenyewe akiwa kitandani.

Tunawashukuru madaktari, waliokiri kwamba hawajui, majirani waliopokezana zamu za kumgeuza, na wakaguzi wenzake, ambao ndio watakaobeba jeneza, tukiwaomba wasishtuke kwa wepesi wake wala wasinong'onezane. Na yeyote kati yenu atakayesafiri, akavua kambare mwenye kibati namba 17, mama anaomba asimpime, amwambie tu kwamba nyumbani hawajambo, kisha amwachie.

Pumzika kwa amani, baba, hapa na kule.