Ufa wa Dashibodi na Harusi ya Amra

Benchi lenyewe liko Stolac, mji mdogo wa Herzegovina, mbele ya sinema iliyofungwa zamani, chini ya mzabibu wa Fadila muuza kahawa, na anayelikalia asubuhi ya Julai ni yule asiye na kazi au asiye na haya. Asubuhi hiyo walikuwa watatu. Sabit, mwenye gari. Nijaz, wanayemwita Daktari kwa kuwa aliwahi kumwendesha daktari wa mifugo, na tangu siku hizo hutibu kila kitu. Na Mirko, waliyembandika jina la Nyigu kwa ajili ya ulimi wake. Gari lilikuwa mbele yao, milango wazi: Mercedes ya dizeli, rangi ya krimu, ambayo Sabit alirudi nayo kutoka Ujerumani ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Kila kitu kiling'aa isipokuwa dashibodi. Pale juu, kwenye ile sehemu laini yenye sponji ndani, palikuwa na ufa wa kuingia kidole, umetoka kwenye usukani hadi katikati, na sponji ya manjano inachungulia. Jumamosi Amra, binti pekee wa Sabit, angetolewa nyumbani kwa gari hilo hilo, amelitaka mwenyewe, na ukoo mzima wa bwana harusi ungekuwa unatazama. Kwa ajili ya ufa huo Sabit alikuwa hapati usingizi.

Fundi wa viti pale mjini alikuwa na dashibodi nyingine, nzima, aliyoivua kwenye gari lililokwisha kufa. Alitaka jibu kabla ya adhuhuri. Simu ya Sabit ilikuwa juu ya benchi, kati ya vikombe, na kila mmoja alijifanya haioni.

— Usibadilishe kitu, alisema Daktari. Huo ufa unatibika. Chukua mashine ya kukaushia nywele, ipashe moto taratibu, plastiki ikilainika unaivuta huku na huku, inashikana yenyewe.

— Wewe umekausha nywele gani? aliuliza Nyigu, macho yake kwenye kipara cha mwenzake.

— Nazungumza kitaalamu.

— Utaalamu wa ng'ombe huo.

— Ng'ombe si ana ngozi? Na hii ni ngozi. Angeipaka mafuta ya kondoo tangu mapema, tusingekuwa tunaongea habari hizi.

— Niliipaka, alisema Sabit kwa unyonge. Inzi wote wa Herzegovina walihamia humo.

Nyigu alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Fadila alichungulia dirishani, akaona ni wao tu, akarudi kwenye birika lake.

— Sikiliza mimi, alisema Nyigu akijifuta. Shemeji yangu kule Trebinje alichuna sofa ya mama yake, akavika dashibodi. Ngozi halisi. Ukiingia mle unajiona waziri.

— Na mama yake?

— Mama yake anakaa kwenye kiti cha jikoni. Lakini akipewa lifti anafurahi, maana anaiona sofa yake.

— Mimi sina sofa ya ngozi, alisema Sabit.

— Daktari anayo.

— Sofa yangu muiache, alisema Daktari, akasogea karibu kama mtu anayetoa siri ya serikali. Jamani, ninyi mnahangaika na tiba na ugonjwa wenyewe hamuujui. Mnadhani ni jua. Si jua. Ni upepo wa kupitiliza. Alifungua madirisha mawili kwa mpigo, moja huku, moja kule. Hapo hata chuma kingepasuka.

Kuhusu upepo wa kupitiliza hakuna mtu wa Stolac anayebisha. Ndio unaokaza shingo, ndio unaong'oa meno, ndio uliomlaza mjomba wa kila mtu. Nyigu, mbishi asiyekubali hata tarehe ya leo, aliinuka, akaufunga mlango wa dereva ili upepo usipite, akauacha wa abiria. Kisha akarudi kukaa.

— Tangu lini lakini? aliuliza. Hili gari lilikuwa zima.

— Ufa ulianza Mevlida akiwa hai, alisema Sabit. Nilimwonyesha, akasema kila uso una mikunjo yake, nikuwashie taa nikuonyeshe yako?

Wakacheka, lakini kidogo. Mkewe Sabit alikuwa amefariki majira ya baridi, na tangu hapo jina lake likitajwa kijiweni, mtu huchukua kikombe chake hata kama hakina kitu. Sabit alikitazama chake. Aliwaza kwamba kama Mevlida angekuwepo, hata huo ufa ungekuwa na mtu wa kuucheka, na Jumamosi isingemtisha hivi.

— Badilisha, alisema Nyigu, kwa sauti ya chini safari hii. Mpigie fundi. Mtoto wako atoke na gari zima. Haya mengine ni porojo zetu tu.

Hata Daktari alitikisa kichwa kukubali. Sabit akaichukua simu.

Hapo ndipo alipofika Tarik, bwana harusi mwenyewe, kijana wa Tuzla anayefanya kazi Austria na Amra. Alikuwa na mkoba wa mataulo yatakayofungwa, kama ilivyo desturi ya harusi, kwenye vioo vya pembeni vya magari ya msafara. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja, na kwa kuwa benchi lilijaa, akaketi kwenye gari, upande wa abiria, miguu nje. Fadila akamletea kahawa. Akatafuta pa kuweka kikombe, akaigeukia dashibodi, halafu hakukiweka. Alibaki amekishika, ameinamisha kichwa kuufuata mwanga.

— Baba, alisema. Haya maua alichora nani?

— Maua gani?

— Haya hapa. Na ufa umeishia pale pale yanapoanzia.

Nyigu alisimama kutazama, akaondoa kofia. Wiki nzima walikuwa wameukodolea macho ufa, na hakuna hata mmoja aliyeketi upande ule.

Sabit alikwenda polepole akainama juu ya goti la mkwewe. Kweli yalikuwepo: maua madogo, meusi juu ya rangi iliyofifia na kuwa kijivu, duara kwa duara. Mevlida alikuwa amefuma kwa sindano ya kulabu kitambaa cheupe cha maua, akakitandika mbele yake, upande wa abiria tu, kwa kuwa upande wa dereva kingeakisi kwenye kioo cha mbele na kumzuia Sabit kuona njia. Kilikaa pale kila kiangazi hadi alipofariki, kisha Amra akaondoka nacho. Jua lilikuwa limepita kwenye matundu na kupafifisha, likaacha peusi palipokuwa na uzi. Sabit aliweka kiganja juu yake, na machozi yakamtoka mbele ya watu, wala hakuyaficha.

Simu ikaita. Alikuwa fundi.

— Ile dashibodi mpe mwingine, Sabit alimwambia, akakata. Kisha akamgeukia Tarik. Jumamosi Amra atakaa hapa mbele.

— Bibi harusi hukaa nyuma na mpambe wake, alisema Nyigu, kwa mazoea tu.

— Mpambe ataenea vizuri zaidi akiwa peke yake. Mwanangu atakaa kwenye kiti cha mama yake.

— Na ufa je? aliuliza Daktari.

— Ufa uko upande wangu, alisema Sabit. Nitakaa nao mimi.