Ukuta Ulionyooka, Jicho Likasema Umepinda

Ndugu zangu, mnivumilie nikisita katika ushuhuda huu, kwa sababu haya mambo bado hunitetemesha.

Mimi ni fundi wa mawe hapa Kitengela. Mwaka jana, tukiwa mjengoni, niliona ukuta wetu umepinda katikati. Nikamwambia mwenzangu, "Bomoa hiyo kozi, huo mstari wote wa mawe."

Akaweka pima maji. "Fundi, iko sawa. Angalia."

Nikafunga jicho la kushoto, ukuta ukanyooka. Nikafunga la kulia, ukapinda.

Sikumwambia mtu, na hali ikazidi. Nikiinama kuchukua jiwe, macho yanaingia giza kidogo, halafu yanarudi. Asubuhi kichwa kinapasuka. Masikioni nasikia vuu, vuu, kama moyo umehamia huko. Nawaambia ukweli, niliogopa kuambiwa nitapofuka, ndiyo maana sikuenda hospitali. Fundi kipofu atalisha nani?

Mke wangu ndiye aliyenigundua, siku nilipomimina chai nje ya kikombe. "Baba watoto, wewe huoni." Kesho yake tukawa Kajiado kwa daktari wa macho.

Daktari akaniangalia sana. "Nyuma ya jicho kuna mikunjo, kama nguo haijapigwa pasi. Sijui imetoka wapi. Na mshipa wa jicho umevimba. Lazima kichwa kipigwe picha."

Picha haikuonyesha uvimbe ndani ya ubongo. Nikashukuru Mungu, nikidhani yameisha. Kumbe bado: nidungwe sindano mgongoni, maji ya uti wa mgongo yapimwe presha. Mnajua vile watu husema, ukidungwa hapo hutembei tena. Nikavaa viatu niondoke.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Ukienda, nitakushika mkono nikuongoze mpaka tuzeeke. Mimi niko tayari. Wewe uko tayari?"

Nikavua viatu.

Wakanidunga, wakakuta presha ya ndani ya kichwa iko juu sana. Kwa nini? Hawakujua. Wakanipa dawa, na polepole ule mlio ukaisha, giza likaacha kunijia. Mikunjo ingali pale. Kila nikirudi kupimwa, mikono inakuwa baridi.

Asante, mama watoto. Asante mwenzangu wa mjengo, uliyekagua kazi yangu bila kunitangaza. Asanteni ninyi mliokuja kwangu na chakula na maombi.

Ndugu zangu, mimi natibiwa na chanzo sikijui mpaka leo, na nimekubali. Lakini wewe, kama jicho moja linakuonyesha tofauti na lingine, usijifiche kama mimi. Mwambie mtu kabla hujatoka kwa huu mlango.