Siku Walipompa Shemeji Ufunguo Wangu

Wapendwa, salamu zangu leo ni fupi, kwa sababu nimekuja na hasira, na Mungu anaijua, tumeizungumza naye kwenye gari nikija hapa. Jina la mtu sitataja. Atakayejisikia ametajwa, shauri yake.

Mnajua mimi ni mjane. Baba watoto alituacha tukiwa bado kwenye apartment ya kupanga kule Lewisville. Nyumba hii nimeinunua mwenyewe, yeye akiwa ameshakwenda, kwa kuwaosha na kuwageuza wazee wa watu vitandani, shifti juu ya shifti, hadi mgongo ukakataa. Nilipohamia nikawaita mje tuiombee chumba kwa chumba, kama kawaida yetu. Pilau mlikula, msijifanye mmesahau.

Sasa nawaambia kilichonikata maini. Tumesimama wote nje, ufunguo ninao. Mzee aliyekuwa akiongoza ibada akauchukua mkononi mwangu, akasema, "Mama, subiri kidogo. Wacha kichwa cha nyumba atufungulie." Akampa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Houston. Mkapiga makofi. Mimi nikaingia nyumbani kwangu nyuma ya watu, nimebeba sufuria.

Tulipofika chumba cha chini, shemeji akasema, "Hiki ndicho changu." Nikadhani ni utani. Wiki iliyofuata akaja na masanduku. Alihamia, ndugu zangu. Akawa anaalika rafiki zake kutazama mpira, na binti yangu anaambiwa apunguze kelele. Nikimuuliza ataondoka lini, ananijibu, "Si hii ni nyumba ya kaka? Nilikabidhiwa mbele ya kanisa."

Nikitoka kazini nilikuwa naketi kwenye gari pale nje, sitaki kuingia. Kanisani nikaacha kuja. Ningewatazamaje nyinyi mliopiga makofi?

Siku moja binti yangu akanifuata kwenye gari, akaniuliza kwa Kiingereza chake kwa nini sisi ndio tunaishi kama wageni. Nikawapigia akina mama wawili wa kikundi chetu cha maombi. Walikuja Jumamosi, mmoja bado amevaa sare ya kazi. Wakasimama sebuleni, mmoja huku, mwingine huku, nami katikati nikasema, "Shemeji, nakuheshimu. Lakini nyumba ni yangu. Leo utalala kwako."

Akacheka. Akampigia mzee, akanipa simu. Mzee akaanza kunisomea maandiko. Nikamwambia, "Mzee, ukimhurumia, kwako pia kuna vyumba." Akakata simu. Masanduku tulimbebea shemeji sisi wenyewe hadi kwenye gari lake.

Dada zangu wawili, mnajijua. Asanteni. Hamkuniambia nivumilie, na Mungu awalipe kwa hilo. Na wewe mwanamke unayenisikia, mtu akichukua kilicho chako katikati ya sala, ikatize hiyo sala. Watu watanuna, watazoea. Mimi nilinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ilinikalisha kwenye gari nje ya nyumba yangu.

Nawe mzee, nakuona hapo safu ya mbele. Sina kinyongo, ila hasira bado ninayo. Karibu chai siku yoyote. Utabisha hodi, usubiri, nije nikufungulie.